Atalala Wapi, Atasoma na Nani?



Kila mwaka, baada ya matokeo ya kidato cha nne kutoka na taasisi ya KUCCPS kugawa nafasi za vyuo, nyumba nyingi za Pwani hupokea habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza huleta shangwe: binti amepata nafasi ya kusomea sayansi au uhandisi. Ya pili huja nyuma yake kimya kimya: chuo chenyewe kiko Bungoma, au Kakamega, au Kitale, mwendo wa karibu kilomita 900 kutoka Mombasa. Hapo mazungumzo ya nyumbani hugeuka. Baba huinama akafikiri. Mama huuliza ni nani tunayemjua huko. Nyanya husema huko kuna baridi, na mtoto hatakuwa na wa kumwangalia. Mjomba naye hutoa shauri lionekanalo kuwa la busara: abadilishe kozi, asome lolote lipatikanalo karibu. Na lipatikanalo karibu, aghalabu, silo lile binti alilolipigania kwa miaka minne.

Hatuwalaumu wazazi hata kidogo. Mtoto ni amana, na mwenye amana asiyeogopa huyo ndiye wa kutiliwa shaka. Tunalotaka kulisema wiki hii ni kwamba hofu hiyo yetu hulalia swali lisilo lake. Kuuliza "ni mbali kiasi gani?" ni kuuliza swali lisilo na dawa, maana Bungoma haitasogea. Swali lenye dawa ni hili: atalala wapi, na atasoma na nani? Tukilijibu hilo vyema, sehemu kubwa ya hofu huondoka; na pamoja nayo, kama tutakavyoeleza, huondoka sehemu kubwa ya ugumu wa masomo yenyewe.

Nchi aiendeayo

Yafaa kwanza tuijue nchi, kwani kisichojulikana huogopesha kupita kiasi. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko nje kidogo ya mji wa Bungoma. Kilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2011, chini ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kikapata hati yake kamili mwaka 2015. Masinde Muliro chenyewe, kilichoko Kakamega, kilipata hati mwaka 2007, nacho hufundisha uhandisi wa ujenzi, wa mitambo na wa umeme. Kitale kuna chuo cha ufundi kilichopandishwa hadhi mwaka 2016 kikawa Politekniki ya Kitaifa ya Kitale, na karibu na mji wa Bungoma kuna chuo cha sayansi na teknolojia cha Sang'alo.

Wala si nchi iliyo mbali na kazi za sayansi. Kitale ndiko makao makuu ya Kenya Seed, kampuni ya mbegu iliyoanzishwa mwaka 1956. Katika utafiti wa Kitale ndiko ilikotoka mbegu chotara ya mahindi iitwayo H611, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964, na mbegu zilizofuata katika ukoo huo zimelisha Kenya kwa miongo mingi. Basi sima tuilayo Pwani ina deni kwa wanasayansi wa huko. Kaskazini ya Kitale, katika bonde la Turkwel, kuna kituo cha umeme wa maji chenye uwezo wa megawati 106. Bungoma kuna mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Nzoia. Mwanafunzi wa kemia, wa kilimo, wa umeme au wa mitambo ana mengi ya kuyaona kwa macho yake huko, ambayo wenzake huyasoma vitabuni tu.

Wala si nchi isiyo na Waislamu. Mumias, mwendo mfupi kutoka Bungoma, ilipokea misafara ya wafanyabiashara Waswahili katika zama za Nabongo Mumia, karne ya 19, na Uislamu umeshika mizizi huko tangu wakati huo. Adhana ataisikia, ila kalenda ya swala ya Mombasa aiache nyumbani: Bungoma iko magharibi zaidi, na jua huzama huko, kwa wastani, kama dakika 20 baada ya kuzama kwetu. Na katika lile la baridi, nyanya ana haki. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Sweta na blanketi nzito si anasa.

Darasa la usiku

Tuje sasa kwenye kiini cha maneno yetu. Wengi hudhani kwamba uhandisi husomwa na mtu mmoja na kitabu chake, na mwenye akili hufaulu na asiye nayo hushindwa. Sivyo ulivyo. Mhadhiri hufundisha saa moja au mbili, kisha hutoa karatasi ya maswali: kalkulasi, saketi za umeme, nguvu zinazoikandamiza boriti ya daraja. Maswali hayo hayajibiwi kwa kukariri. Kila mwanafunzi, hata aliye hodari, hukwama. Akikwama peke yake, saa tatu zaweza kupita na karatasi bado nyeupe. Akiwa na wenzake watatu, mmoja huona pale alama ya kutoa ilipogeuzwa ya kujumlisha, na robo saa hutosha.

Vijana wa kiume hulijua hili bila ya kuambiwa. Baada ya chakula cha jioni hukusanyika katika chumba cha mmoja wao, wakakaa na karatasi zao hadi usiku mkubwa. Humo hupitishwa mitihani ya miaka iliyopita. Humo husomwa ripoti za maabara za waliotangulia, ili mgeni ajue jinsi zinavyoandikwa. Humo hujulikana mhadhiri gani hataki mchoro usio na vipimo, na kampuni gani inachukua wanafunzi kwa mafunzo ya kazini. Basi chuo huwa na madarasa mawili. La mchana ni la wote. La usiku ni la wavulana.

Binti yetu yuko wapi saa hizo? Vyuo vingi vya umma havina mabweni ya kuwatosha wanafunzi wote, hivyo mara nyingi amekodi chumba nje ya chuo, katika jengo la watu asiowajua. Giza likiingia, hufunga mlango. Sisi wazazi ndivyo tulivyomwusia, na wasia wetu ni wa haki. Lakini tuutazame wasia huo hadi mwisho wake. Katika darasa lake la uhandisi wasichana ni wachache. Anayekaa karibu naye huenda hayupo. Kazi ambayo wenzake wanaifanya wanne, yeye anaifanya peke yake. Muhula ukiisha na alama zikiwa za chini, hujiambia kwamba hana kichwa cha hesabu. Nasi nyumbani tukamjibu kwamba tulijua, sayansi ni ngumu kwa wasichana. Kumbe hakukosa kichwa. Alikosa meza ya kusomea na wenzake.

Heshima tuliyomtaka aihifadhi ni yetu sote, lakini gharama yake tumemwachia yeye pekee. Hilo ndilo tunaloliona si la uadilifu. Kama binti hawezi kuliendea darasa la usiku, basi darasa la usiku na limfuate anapokaa. Wawekwe pamoja, chini ya paa moja, mabinti wa sayansi na uhandisi wa miaka mbalimbali, wenye meza moja, taa moja na saa zao za kusoma.

Waliokwisha kufanya

Wazo hili si ndoto. Mfano ulio karibu nasi zaidi kwa dini na kwa lugha uko Unguja, katika kijiji cha Kinyasini. Huko, mwaka 2015, kilifunguliwa kituo cha Barefoot College, taasisi iliyoanzia Tilonia, Rajasthan, nchini India, mwaka 1972. Kabla ya hapo, wanawake wa Zanzibar walisafiri hadi India kupata mafunzo hayo. Wanafunzi wake ni wanawake wa vijijini, wengi wao mama wa watoto, na baadhi hawakupata kusoma shule. Huchaguliwa kwa makubaliano ya kijiji, wakaacha nyumba zao kwa miezi kadhaa, wakaishi pamoja, na kujifunza kuunda, kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Hufundishwa kwa rangi, kwa michoro na kwa mikono. Kisha hurudi vijijini kwao wakiwa mafundi, na taa zikawaka katika nyumba zilizokuwa zikitumia kibatari.

Tuuzingatie mpango huo. Mama wa kijiji cha Unguja, mwenye mume na watoto, aliruhusiwa kulala nje ya nyumba yake kwa miezi ili ajifunze umeme. Hakuruhusiwa kwa sababu waume wa huko hawana wivu. Aliruhusiwa kwa sababu kijiji kilijua anakokwenda, anaokaa nao, na siku ya kurudi. Hofu ilijibiwa kwa mpango unaojulikana.

Nairobi nako kuna AkiraChix, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2010 na wanawake vijana wa fani ya kompyuta. Mafunzo yao yaitwayo codeHive huchukua mwaka mmoja. Wasichana kutoka familia zisizo na uwezo, wengi wao wa mashambani, huishi pamoja, wakala pamoja, na kujifunza kuandika programu za kompyuta bila ya familia zao kulipia. Wenye mpango huo walitambua kwamba ada peke yake haikuwa kikwazo cha pekee: msichana ambaye kila jioni hurudi katika nyumba isiyo na nafasi, isiyo na intaneti na yenye kazi tele, hata ukimsomesha bure, hatafika mbali.

Na katika nchi tajiri vilevile, ambako mtu angedhani matatizo haya hayapo, wameona haja. Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, kilifungua mwaka 1989 bweni la wasichana wa hesabu, sayansi na uhandisi. Chuo Kikuu cha Michigan kilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 1993. Mabinti hao hawakutengewa masomo mepesi wala mitihani ya peke yao. Huhudhuria madarasa yale yale na wavulana. Kilichotengwa ni makazi, ili mwanafunzi akirudi jioni awakute wenzake wa kozi moja, wa mwaka wa juu wa kumwongoza, na saa maalumu za kusaidiana.

Mifano hii haifanani kwa mali wala kwa kiwango cha elimu. Mama wa Kinyasini na binti wa Michigan hawakusoma kitabu kimoja. Imefanana katika jambo moja tu: kila mahali waliona kwamba mwanamke akikaa peke yake katika fani yenye wanawake wachache, fani humshinda kabla ya somo kumshinda.

Nasi wa Pwani tusijione wageni wa wazo hili. Habib Swaleh alipoasisi Riyadha kule Lamu, wanafunzi walitoka mbali, wakaishi hapo, wakala chungu kimoja na kusoma pamoja. Hakuna aliyeshangaa kwamba elimu ina malazi yake. Na ufundi pia si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichopata hati mwaka 2013, kilianza kama MIOME, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyopokea wanafunzi kuanzia mwaka 1951. Ilijengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan, ya jamaa wa Bohora na ya serikali ya wakati huo, ili Waislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Waliotutangulia walijua kwamba ufundi hutaka jengo, na jengo hutaka mchango.

Nyumba yenyewe iweje

Pendekezo letu ni dogo, nalo lawezekana. Hatusemi tujenge bweni la ghorofa nne. Tunasema familia za Pwani zenye mabinti Bungoma, au Kakamega, au Kitale, zitafutane. Binti mmoja mmoja hulipa kodi ya chumba chake, na kodi za mabinti wanane zikiunganishwa huweza kupata nyumba nzima. Kamati za misikiti ya huko zinaweza kuombwa kutafuta nyumba iliyo karibu na chuo na mwenyeji mwema. Mwenye uwezo aweza kuiweka nyumba wakfu kwa ajili ya wanafunzi, na wakfu wa namna hiyo wazee wetu waliufahamu vizuri.

Lakini nyumba pekee haitoshi, na hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Kama nyumba hiyo ina kufuli na saa ya kufunga mlango, na basi, itakuwa ghala la kuhifadhia mabinti. Wataichukia, na watakuwa na haki. Mambo matatu ndiyo yatakayoifanya kuwa nyumba ya masomo.

Jambo la kwanza ni mchanganyiko wa miaka. Wasiwe wote wa mwaka wa kwanza. Awepo wa pili, wa tatu na wa nne, ili mwenye kukwama ampate aliyekwama mahali hapo hapo mwaka jana. Dada wa mwaka wa tatu hujifunza upya anapofundisha, na mdogo wake humwona kwa macho msichana ambaye kalkulasi haikumwua. Katika rafu moja ziwekwe karatasi za mitihani iliyopita na ripoti za maabara, kila anayehitimu akiacha zake.

Jambo la pili ni saa za pamoja. Baada ya Isha, saa mbili, usiku minne au mitano ya wiki, kila mmoja mezani na karatasi yake. Pawe na meza kubwa, ubao, taa ya kutosha, intaneti, na taa ya akiba kwa siku za umeme kukatika. Kazi ya jikoni na ya usafi igawiwe kwa zamu iliyoandikwa, isimwangukie yule mpole.

Jambo la tatu ni mlezi na wageni. Awepo mama mmoja mwenye kuheshimika, anayejua kusikiliza, ambaye binti akiugua au akiudhiwa na mtu chuoni humweleza kabla ya kumweleza mtu mwingine. Na mara moja kwa mwezi aalikwe mwanamke aliye kazini: mhadhiri, mhandisi wa umeme, mtafiti wa mbegu, daktari wa mifugo. Binti aliyekula chakula na mhandisi mwanamke hataambiwa tena kwamba kazi hiyo haina wanawake.

Kuna na mambo madogo ambayo nyumba kama hiyo humfundisha mgeni, na ambayo huokoa mengi. Mojawapo ni vazi la karakana. Mashine ya kukereza vyuma huzunguka kwa kasi, na kitambaa kinachoning'inia kikinaswa huvuta mkono au shingo pamoja nacho. Hapa hakuna mzozo baina ya sitara na usalama. Mtandio uwe mfupi, ufungwe vyema na ncha zake ziingizwe ndani ya ukosi. Mikono ya nguo iwe ya kubana. Juu yake koti la karakana lililofungwa vifungo vyote. Katika maabara ya kemia, penye moto, pamba ni bora kuliko nailoni, maana nailoni huyeyuka ikagandia ngozi. Dada wa mwaka wa pili akimwonyesha mgeni haya kabla ya siku ya kwanza, mgeni hataaibishwa mbele ya darasa, wala hataacha karakana kwa kudhani kwamba hijabu yake ndiyo iliyomfukuza.

Jingine ni kazi za maabara zinazomalizika jioni. Mabinti wanne wanaorudi pamoja, kwa dereva mmoja anayejulikana na mlezi, hawako katika hatari aliyo nayo mmoja anayerudi peke yake kwa bodaboda ya njiani. Nyumba moja huleta msafara mmoja.

Na binti wa Kwanza je?

Tumezungumza kana kwamba safari hii ni ya upande mmoja. Siyo. Kule Trans Nzoia, katika eneo la Kwanza, kuna mkulima wa mahindi ambaye binti yake naye huenda akapangiwa nafasi ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, au ya sayansi katika Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi. Mama wa Kwanza hulala macho kama anavyolala macho mama wa Likoni. Ameambiwa Mombasa kuna joto lisilovumilika, kuna bahari, na mji usiolala. Hamjui mtu huku. Naye huuliza: atalala wapi?

Basi sisi tulio Pwani tunaweza kuanza bila ya kungoja mtu wa Bungoma atupe nyumba. Tuwafungulie wao mlango kwanza. Familia yenye chumba karibu na chuo impokee binti wa Kwanza au wa Kimilili kwa kodi ya haki, awe Muislamu au asiwe, na impe ujirani wa kweli. Akina mama wa mtaa wamjue kwa jina. Mlango wa mbele ukifunguliwa hivyo, mtu wa Kwanza atakapopata kusikia kwamba binti wa Mombasa anatafuta makazi Kitale, hatakuwa na haja ya kuulizwa mara mbili. Ukarimu wa kubadilishana ni dhamana kuliko karatasi ya mkataba. Kila upande una binti katika nyumba ya mwenzake.

Yanayopingwa

Wapo watakaosema kwamba kuwakusanya mabinti pamoja ni kuwadekeza, na kwamba kesho kazini hawatakuwa na nyumba ya kuwakinga. Jibu ni kwamba darasani, karakanani na katika mitihani hawakukingwa na lolote. Wavulana nao wana makundi yao, na hakuna anayesema wamedekezwa.

Wapo watakaouliza kuhusu hukumu ya safari ya mwanamke. Wanazuoni wana maelezo yao marefu, na kila familia ina sheikh wake wa kumuuliza. Tunaomba tu aulizwe swali kamili. Kumwuliza sheikh "binti aende peke yake akakae asikojulikana?" ni jambo moja. Kumwuliza "binti aende pamoja na wenzake, apelekwe na mzazi wake, akakae nyumba ya Waislamu yenye mlezi?" ni jambo jingine.

Na wapo watakaosema, aolewe kwanza. Ndoa ni heri, hatuna neno juu yake. Lakini mume akiahidi kwamba mke ataendelea kusoma, ahadi hiyo isemwe wazi mbele ya wazee wa pande zote mbili, na ihesabiwe miaka. Masomo ya uhandisi huchukua miaka mitano. Ahadi iliyotolewa kwa maneno ya jumla huisha muhula wa pili.

Jambo la mwisho ni la wakati. Mazungumzo haya yakianza siku nafasi zinapotangazwa, yamechelewa. Siku hiyo kuna machozi, kuna haraka, na mjomba mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Yaanze binti akiwa kidato cha tatu, anapochagua kuendelea na fizikia. Mama akae naye amwulize anataka kuwa nani. Baba aulize msikitini ni nani mwenye jamaa Bungoma, Mumias au Kitale, aandike majina na nambari za simu. Wazazi wawili watatu wa mtaa mmoja wakutane Jumapili moja kwa kikombe cha chai. Hilo halina gharama, na laweza kufanywa wiki hii.

Tukilifanya, basi siku ile habari mbili zitakapofika nyumbani kwa pamoja, ya pili haitaifuta ya kwanza. Baba ataulizwa: ni mbali? Atasema, ndiyo, ni mbali. Kisha atalitaja jina la nyumba, la mlezi, na la dada wa mwaka wa tatu anayemngoja binti yake mezani.

Allah atuwezeshe kuzihifadhi amana zetu bila ya kuzifungia. Wabillahi tawfiq.